UZI: Kutoa kijarida cha muziki na sanaa kwa mtaji mdogo, na hela yako uipeleke wapi kwanza

#1 KalamuNaNgoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila baada ya muda anatokea kijana humu anauliza afanyeje kutoa kijarida chake mwenyewe cha muziki na sanaa, halafu mjadala unaishia kwenye kutafuta mfadhili. Sisi tunatoa kijarida cha kurasa 32, saizi ya A4 iliyokunjwa katikati, nyeusi na nyeupe, tunakiuza mkononi hapa Dar. Mfadhili hatuna. Naandika ninayoyafahamu, na wenye ufundi kunizidi njooni mjazie.

Nitangulize msimamo wangu. Ukiwa na laki na nusu mkononi, usiimalizie kwenye jalada la kung'aa. Ipeleke kwenye nauli, vocha na muda wa kukaa na hao unaowaandika. Kopi ya kawaida kwenye karatasi ya kawaida inatosha kabisa. Mtu atakitunza kijarida chako kwa sababu ndani yake kuna majina na miaka ambayo hayapati kwingine.

Chukueni singeli. Muziki huu wa kasi umezaliwa uswahilini, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vya Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa kazi za Sisso Studio ya Mburahati, wasikilizaji wa Ulaya wakashtuka, na waandishi wa nje wakaanza kuandika makala ndefu kwa Kiingereza. Sina tatizo nao, wamefanya kazi nzuri. Lakini kijana wa Mburahati anayetaka kusoma kwa Kiswahili nani alianza kukimbiza biti hadi zaidi ya 200 kwa dakika, nani alikuwa MC, kompyuta ilikuwa ya nani, huyo anasoma wapi? Wahusika wengi wako hai na wanapokea simu. Ni suala la kupanda daladala ukawaulize.

Muziki wa dansi una uharaka zaidi, maana wale wazee wanaondoka. Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978. Katikati hapo wamepita wapulizaji, wapiga besi na wapiga tumba chungu nzima ambao majina yao hayakuandikwa popote. Rekodi zilizofanyika Redio Tanzania watu wanazijua kwa jina la bendi na mwimbaji, basi. Ukiuliza nani alipiga rithimu kwenye wimbo fulani utapewa majina manne na kila mtu ataapa.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kijarida iko hapo, kwenye kuhakiki. Namna tunavyofanya sisi: tunakwenda na wimbo kwenye simu na spika ndogo, tunausikiliza pamoja na mzee, tunausimamisha kila chombo kinapoingia. Solo nani? Besi nani? Hiyo sauti ya pili ya nani? Mtu akiusikia muziki anakumbuka mambo ambayo usingeyapata kwa kuuliza tu "hebu tueleze historia yako". Halafu tunapeleka majibu kwa mtu wa pili aliyekuwepo. Wakikubaliana, tunaandika. Wakipishana, tunaandika kauli zote mbili na majina ya waliozitoa.

Miaka ni kazi nyingine. Ukimuuliza mtu "ilikuwa mwaka gani" atakukadiria. Ukimuuliza "ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada?" anakujibu bila kusita. Tuna orodha yetu ya vituo vya namna hiyo: vita vya Kagera 1978 na 1979, ITV kuanza 1994, kuzama kwa MV Bukoba 1996, mvua za El Nino 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu 1999. Kwa vituo hivyo unaweza kubana tukio likabaki ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Sasa hesabu. Weka bei za mtaa wako, mimi natoa mfano tu. Kurasa 32 ni karatasi 8 za A4, kila moja inabeba kurasa nne. Nakala 100 ni karatasi 800, yaani rimu mbili na unabaki na karatasi 200 za kujaribia na zile zitakazoharibika. Nyuso za kuchapa ni 1,600. Stesheni, yaani duka la kopi na uchapaji, ikikupa sh 50 kwa uso kwa sababu mzigo ni mkubwa, hiyo ni 80,000. Jalada la manila ya rangi, limechapwa wino mweusi tu, tuseme 300 kila moja, 30,000. Pini na uzi 5,000. Jumla 115,000, nakala moja imekugharimu 1,150.

Uza 3,000. Nakala 15 wape uliowahoji, na hili halina mjadala, hao ndio wenye kijarida. Kumi weka za kubadilishana na kuhifadhi. Zimebaki 75. Arobaini ukiziuza mwenyewe ni 120,000. Thelathini na tano ukiziacha dukani na mwenye duka akachukua asilimia 40, unapata 1,800 kwa kila moja, 63,000. Umeingiza 183,000, toa 115,000 ya uchapaji, umebaki na 68,000. Hiyo ndiyo nauli na vocha za toleo linalofuata. Hutajenga nyumba, ila toleo la pili linatoka bila kumpigia mtu magoti.

Karibuni.

#2 Dogo Spidi

Mkuu heshima kwako. Mimi natengeneza biti za singeli na uzi wako umenigusa, ila nina swali. Sisi nyimbo zinatoka usiku, asubuhi ziko kwenye flashi za bajaji na bodaboda mji mzima. Watu wote wako kwenye simu. Karatasi ya nini tena? Si mngeweka kwenye WhatsApp bure ikasomwa na maelfu?

#3 KalamuNaNgoma

Dogo Spidi, swali zuri, na wewe ndiye hasa ninayetaka anijibu upande wa pili: biti zako za miaka mitano nyuma unazo? Zote? Na majina ya waliochana juu yake umeyaandika mahali?

Nakuuliza kwa nia njema. Wenzako wengi niliokaa nao, kompyuta ilikufa ikaenda na kazi zote, au simu iliibiwa, au akaunti ilifungwa. Nyimbo zimebaki kwenye flashi za watu zikiwa na jina la faili tu, "singeli mpya kali 3". Nani kaimba hakuna ajuaye.

WhatsApp tunaitumia. Tunarusha kurasa nne za mwanzo kama picha, watu wanasoma, wanaulizia kijarida. Lakini kitu cha WhatsApp wiki ijayo kimeshazikwa na jumbe nyingine. Kijarida kinakaa saluni kwenye benchi, kinasomwa na watu kumi wanaosubiri kunyolewa, mwezi mzima. Na jambo nililoliona kwa macho yangu: msanii ukimpelekea nakala yenye jina lake, anaiweka kwa mama yake. Posti hakuna anayeipeleka kwa mama yake.

#4 Stesheni Ubungo

Nafanya kazi ya kopi na uchapaji, ngoja nisaidie kwenye ufundi maana wateja wa vijarida wananiletea mafaili ambayo inabidi tuanze upya.

Kwanza idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. 28, 32, 36. Ukileta 30 kutakuwa na kurasa mbili tupu, bora uzipangie kazi mapema.

Pili, mpangilio wa kurasa kwenye karatasi. Kwa kijarida cha 32, karatasi ya nje kabisa upande mmoja ina ukurasa wa 32 kushoto na wa 1 kulia. Nyuma yake kuna wa 2 kushoto na wa 31 kulia. Karatasi inayofuata, 30 na 3, nyuma 4 na 29. Angalieni: kila jozi ukijumlisha unapata 33, yaani idadi ya kurasa ongeza moja. Ukikuta jozi haijumlishi hivyo, umekosea. Lakini huna haja ya kupanga kwa mkono. Tengeneza PDF ya kawaida ya A5, kurasa zifuatane 1 hadi 32, halafu Adobe Reader unapochapa ina chaguo la kijitabu, itajipanga yenyewe. LibreOffice nayo inalo. Mashine ikiwa inachapa pande mbili, chagua kugeuza kwa upande mfupi. Ukichagua mrefu, upande wa nyuma unatoka kichwa chini, na hapo rimu nzima imekwenda.

Tatu, mashine za kopi hazichapi hadi ukingoni. Acheni angalau sentimita moja kila upande. Picha iliyojaa ukurasa mzima itatoka na mpaka mweupe usio sawa, haipendezi.

Nne, picha. Picha ya simu ya usiku kwenye kigodoro ukiitia kopi inakuwa doa jeusi. Igeuze kuwa nyeusi na nyeupe wewe mwenyewe kabla ya kuileta, inyanyue mwanga, ongeza utofauti wa giza na mwanga, kisha toa kopi moja uione. Usiamini kioo cha simu. Michoro ya mistari, maandishi ya mkono, vipande vilivyokatwa na kubandikwa, hivi vyote mashine ya kopi inavipenda, vinatoka vizuri kuliko picha.

Tano, pini. Stepla ya mezani haifiki katikati ya A4, ile ni karibu sentimita 15 kutoka ukingoni. Kuna stepla ya mkono mrefu, stesheni nyingi kubwa wanayo. Kama haipo, fungua stepla ya kawaida, weka kijarida juu ya boksi gumu au kipande cha sponji, piga, pini itoboe, kisha geuza ukunje miguu ya pini kwa kijiko. Au shona kwa sindano na uzi, matundu matatu, uanzie la katikati kwa ndani. Ukishona kwa uzi wa rangi kijarida kinapendeza mno na gharama ni ya uzi.

#5 KalamuNaNgoma

Stesheni Ubungo, Mungu akubariki. Hiyo ya jozi kujumlisha 33 nitaiandika ukutani.

Niongeze kuhusu programu: huna haja ya kununua. Scribus ni ya bure na imetengenezwa kwa kazi hii hii ya kupanga kurasa, GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro. Asiye na kompyuta, Canva ya kwenye simu inatoa PDF ya kuchapwa. Herufi tunatumia ukubwa wa 10 au 10.5, chini ya hapo wazee wetu hawasomi.

#6 Mzee wa Stensili

Wanangu, hamjambo. Nimeusoma uzi huu kwa furaha kubwa.

Enzi zetu kijarida cha shule na cha tawi tulikitoa kwa stensili. Unapiga taipu bila utepe, herufi zinakata ile karatasi ya nta, ukikosea unapaka dawa nyekundu ya kuzibia, unasubiri ikauke, unapiga tena. Kisha stensili inavishwa kwenye mashine ya Gestetner na mtu anazungusha mkono. Michoro tulichora kwa kalamu ya chuma moja kwa moja juu ya stensili, na ilitaka mkono mwepesi, ukikandamiza imechanika.

Nayasema haya kwa sababu ndugu wa mashine hiyo bado yumo mashuleni mwenu. Shule nyingi zina mashine ya Riso ya kuchapia mitihani. Kazi yake ni ile ile: inatoboa masta moja, yaani stensili yake, inajizungushia kwenye pipa la wino, inatoa karatasi kwa kasi. Gharama iko kwenye masta, kwa hiyo nakala kumi ni ghali na nakala mia mbili ni rahisi kuliko kopi. Mkiwa na mwalimu mnayeaminiana naye, mwombeni mkuu wa shule kipindi cha likizo, mlete karatasi zenu na mlipie masta na wino. Shule inapata chochote, nanyi mnapata uchapaji ambao wasanii wa Ulaya siku hizi wanaulipia kwa fedha nyingi kwa sababu wanaupenda wino wake.

Jambo la pili. Kijana amesema wazee wa dansi wanaondoka. Ni kweli. Nawasihi, mkienda kumhoji mtu mzima, msiende na karatasi ya maswali ishirini. Nendeni asubuhi, kabla hajachoka. Mkeo au dada yako akiwepo ni vizuri, mzungumzo unatulia. Na mkitoka, rudini tena wiki nyingine, kwa maana usiku ule atalala akikumbuka.

#7 Dogo Spidi

Shikamoo mzee. Hili la kurudi mara ya pili nalichukua.

KalamuNaNgoma nimekuelewa mkuu. Biti za mwanzo sina hata moja, ziliondoka na hard disk ya kompyuta.

#8 BintiNgambo

Assalam alaykum wenzangu. Mimi niko Unguja, napenda taarabu na nimekuwa nikikusanya maneno ya nyimbo kwenye daftari.

Kwetu tatizo ni jengine kidogo. Historia kubwa kubwa imeandikwa: klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ya 1905, klabu ya Culture ya 1958, muimbaji Siti binti Saad na wenzake kwenda Bombay kurikodi 1928. Kisichoandikwa ni mtunzi wa mashairi. Wimbo unajulikana kwa muimbaji, na mpiga kanuni au fidla akitajwa ni bahati. Mtunzi alikuwa mwalimu, karani, mvuvi, kaandika beti zake kampa mtu, kesho mji mzima unaziimba na yeye hatajwi. Nataka nitoe kijitabu cha watunzi tu. Je, naweza kuchapa mashairi mazima? Na wale waliokufa?

#9 Wakili Mdogo

BintiNgambo, wa alaykum salaam. Nijibu kwa ufupi kadiri ya sheria.

Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kwa ujumla haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na wakati huo inashikwa na warithi. Zanzibar mna sheria yenu ya 2003 na ofisi yenu, COSOZA. Bara ofisi ni COSOTA. Kunukuu ubeti mmoja au miwili ili kuuchambua, ukimtaja mtunzi, hiyo ni desturi inayokubalika. Kuchapa shairi zima ni jambo jingine, tafuta ruhusa ya maandishi kutoka kwa mtunzi au warithi. Haina haja ya kuwa na maneno mazito: jina, wimbo, kijarida gani, nakala ngapi, sahihi mbili. Picha nayo kwa kawaida ni mali ya aliyeipiga, hata kama aliye kwenye picha ni wewe.

Kwa wote mlio Bara: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inagusa majarida na vijarida vinavyotoka kwa vipindi, na leseni inatolewa na Idara ya Habari Maelezo. Kabla hamjajiita jarida la kila mwezi, nendeni Maelezo mkaulize kazi yenu inaangukia wapi. Anayetoa kitu cha mara moja kama kitabu, namba ya utambulisho wa kitabu, ISBN, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi Mohamed. Pelekeni na nakala zikahifadhiwe. Hilo nalisisitiza, maana mtafiti wa miaka 40 ijayo atakwenda Maktaba kwanza.

#10 KalamuNaNgoma

BintiNgambo, hicho kijitabu cha watunzi ningekinunua leo. Ushauri wangu: usingoje upate watunzi wote wa Unguja na Pemba. Chukua wanne. Kila mmoja kurasa sita au saba: alizaliwa wapi, kazi yake, aliandikia klabu gani, shairi lake moja lililogeuzwa wimbo na habari za nani alilitia sauti. Warithi ukiwaendea na nakala ya mfano mkononi, hata ya kurasa chache, wanakuelewa upesi zaidi kuliko ukiwaeleza kwa mdomo. Na Februari tamasha la muziki la Sauti za Busara linawaleta Unguja watu wanaotafuta kitu cha namna hii hasa.

#11 Jirani254

Salamu kutoka Nairobi. Hapa mambo ni hayo hayo, ila nawaongezea moja kuhusu karatasi. Ukienda kwa wachapaji wa River Road na Kirinyaga Road, uliza vipande vinavyobaki baada ya kukata kazi kubwa. Mchapaji amechapa kalenda au mabango, pembeni kumebaki ukanda wa karatasi nzuri nzito ambao kwake ni takataka. Sisi tulipanga saizi ya kijarida chetu kulingana na vipande hivyo. Kikatoka kirefu na chembamba, watu wanakitambua kwa mbali, na karatasi tuliilipia kidogo sana.

Pia msikimbilie ofseti, ule uchapaji wa mitambo mikubwa. Wataalamu watawashawishi. Ofseti kila rangi inataka pleti yake, yaani bamba la kuchapia, picha ya rangi kamili ni pleti nne, na gharama hiyo unailipa hata ukichapa nakala moja. Chini ya mia tano haikupi faida. Mtabaki na maboksi chini ya kitanda.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: waandishi na wachoraji wenu mnawalipa?

#12 KalamuNaNgoma

Jirani, hili la vipande tutalifanyia kazi Kariakoo.

Kuhusu malipo, ndiyo, tunalipa. Kidogo, lakini tunalipa, na kiasi ni sawa kwa kila mtu, mwandishi, mchoraji na mpiga picha. Kinatoka kwenye mauzo, siku tunayofunga hesabu, kwa simu, na karatasi ya hesabu tunaituma kwenye kundi kila mtu aione: zilichapwa ngapi, zimeuzwa ngapi, ziko wapi, nani anadaiwa. Anayetaka nakala badala ya hela anapewa nakala kwa bei ya kuchapa, akauze mwenyewe. Kuna mchoraji wetu anaziuza Mwenge kwenye vinyago na anatuzidi sote.

Najua wengi humu wanaamini kijarida kidogo kiendeshwe kwa kujitolea. Siafiki. Wasanii wa nchi hii wameshaombwa kujitolea vya kutosha, kwenye matamasha, kwenye harusi za ndugu, kwenye kampeni. Sisi tunaoandika habari za jinsi bendi zilivyodhulumiwa malipo hatuwezi kuwadhulumu wachoraji wetu. Kama hela haitoshi kulipa watu wanane, kijarida kiwe na watu wanne na kurasa 16. Karatasi nne tu. Kurasa 16 zilizolipiwa ni toleo halali kabisa.

#13 MwanaMwanza

Nimesoma mwanzo mwisho. Huku kwetu hakuna sehemu kama Nafasi Art Space, kile kituo cha sanaa cha Dar, ya kuachia nakala, na maduka ya vitabu yanataka vitabu vya shule. Niuzie wapi? Na jalada, kuna njia ya kupata rangi bila kulipa chapa ya rangi?

#14 Stesheni Ubungo

Jalada: tafuta wanaochapa fulana. Kila mji wapo, wale wanaochapa fulana za kampeni, mahafali na misiba kwa skrini, ile fremu ya kitambaa ambacho wino hupenya. Skrini ile ile inachapa kwenye manila vizuri tu. Unapeleka mchoro wa rangi moja, wanatengeneza fremu moja, wanakuvutia majalada mia kwa wino wa bluu au nyekundu juu ya manila ya njano. Wino ni mzito, ukipitisha kidole unausikia. Waambie wino wa karatasi, ule wa nguo wa maji unakunja manila. Na yakaushwe yametandazwa, msiyapange juu juu siku hiyo hiyo.

Ukikosa hao, mchongo wa lino (shiti laini ya kuchongea) au hata wa kipande cha ndala ya zamani, roli ndogo ya rangi, unagonga moja moja.

#15 KalamuNaNgoma

MwanaMwanza, mahali pa kuuzia tafuta wanapokaa wasikilizaji, achana na duka la vitabu. Saluni, fundi spika, wanaorekodi nyimbo kwenye flashi, ukumbi wa bendi siku ya mazoezi, mkahawa wa kahawa jioni. Acha nakala tano, si ishirini, mwenye sehemu asione mzigo. Andika kwenye daftari na yeye aweke sahihi. Rudi wiki ya pili yake hata kama hazijaisha, akuone. Ndani ya jalada la nyuma chapa lipa namba yenu ya kulipia kwa simu na jina litakalotokea, mnunuzi asisite.

Kwa walio mbali tunatuma kwa basi. Tunafunga nakala 20 kwenye bahasha ngumu, tunaizungushia nailoni kwa ajili ya mvua, jina na namba ya simu ya mpokeaji pande zote mbili, tunaikabidhi ofisi ya vifurushi ya basi pale stendi ya Magufuli na kuchukua risiti. Tunampigia mpokeaji jina la basi na saa ya kufika. Zanzibar inapita botini kwa utaratibu huo huo. Kama utanitumia ujumbe pembeni na kuniambia nani huko Mwanza anaandika habari za bendi za Kanda ya Ziwa, tubadilishane: nakala zetu 10 kwa zenu 10, kila upande auze kwake na abaki na hela yake.

#16 MwanaMwanza

Nimeshakutumia ujumbe. Kuna mzee Kirumba alikuwa mpulizaji tarumbeta, Jumamosi asubuhi naenda kwake na spika.